Kipenyo katika Masale

Saa mbili usiku, Moshi, umeme umerudi.
Mama wa mbu huyu nilimtoa Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga;
yeye mwenyewe amezaliwa humu, kwenye beseni.
Ameshiba. Damu ni yangu,
mkono wa kushoto, dakika nne.

Kabla hajamaliza kunywa alianza kukojoa.
Usicheke. Ungebeba wewe mzigo mzito kuliko mwili wako,
na kiganja kinakufuata,
ungetafuta pa kumwaga maji.

Nimempasua kwa sindano mbili.
Mirija mitano (kwa nini mitano, hata Dokta Kiwelu hajui),
membamba kama nyuzi zilizochomoka kwenye pindo la kanga.
Nimechagua mmoja, nimeuzamisha kwenye tone la maji ya chumvi
chini ya mafuta ya parafini,
ncha yake nimeizungusha kwenye pini
kama mtu anayefunga mbuzi.
Sasa nangoja.

Ukuta wa mrija ni seli zilizobanana bega kwa bega.
Zile kubwa hupiga pampu bila kulala:
sodiamu na potasiamu hupita ndani yake,
mlango wa mbele, kwa kulipia.
Kloridi ndiyo yenye kesi.
Wapo wanaosema hupenya kwenye seli ndogo zenye umbo la nyota.
Wapo wanaosema hupita katikati,
kwenye mshono,
pale seli na seli zinapogusana
bila kuwa kitu kimoja.

Mshono si ufa. Una vipago kama ngazi, una mabawabu.
Rangi niliyoweka, ya molekuli nene, imebisha hodi ikarudi.
Chumvi imepita.
Na chumvi ikitangulia, maji hufuata.

Kule Uru, mimi na kaka yangu Aminieli
tuligawana kihamba cha baba kwa masale,
miche arobaini na moja, mbele ya mashahidi.
Kisha tukagombania zamu ya mfereji.
Mwaka wa tisa huu sijakanyaga kizingiti chake,
naye hajakanyaga changu.
Ila nyuma ya zizi miche miwili haikushika vizuri,
na hapo mkewe, Elinaike, hupitisha mkono.
Hasalimii. Husema tu, "Chumvi."
Nampa kwenye kopo la maziwa.
Kesho yake kopo linarudi, juu yake vidole vitatu vya mshare.
Hakuna kikao kilichopitisha jambo hili.
Mchungaji hajui.

Tone!
Dogo, la mviringo, linaning'inia kwenye pini.
Naongeza homoni, kiasi cha kudhania tu,
na sindano ya umeme inaporomoka:
mshono umelegea, papo hapo, mrija mzima.
Nikiisafisha homoni, unakaza tena.
Dokta anataka dawa ya kuuziba,
mbu abaki na maji yake, avimbe, aanguke.
Nami nataka.
Ndeonasia wa Elinaike alikuwa na miaka mitatu.
Homa ilianza Jumanne.
Siku ya maziko nilisimama upande wangu wa masale
na mkono ukaja kwenye kipenyo
bila kopo, bila neno.
Niliushika mpaka ukapoa.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Aminieli nyuma ya zizi,
ana mche mkononi, shimo ameshachimba.
Tulitazamana kama watu walioonana benki.
Akauliza, miaka tisa, swali la kwanza:
"Hao mbu, mtawaziba lini?"
Nikasema, bado.
Akatazama shimo.
Akaegemeza mche kwenye zizi, akaenda kukamua.

Nimeandika: nanolita mbili na nusu kwa dakika.
Mrija bado unatoa.
Mche, Elinaike ameniambia kwa simu ya jirani,
bado umeegemea.